Fundi, Muda na Kazi ya Kulipua: Historia Fupi ya Ujenzi Katika Pwani ya Ziwa Tanganyika

Kando ya barabara ipandayo kutoka Kigoma mjini kwenda Mwandiga, na kutoka hapo kuelekea Manyovu mpakani mwa Burundi, ni jambo la kawaida kuona tanuri la matofali likifuka moshi karibu na michikichi. Mwenye tanuri amelikandika udongo kwa nje, ameacha midomo ya moto chini, naye hukesha akiulisha moto kuni, kwa maana ukififia kabla ya wakati wake matofali ya pembeni hubaki mabichi. Moto ukiisha kazi yake, tanuri halibomolewi siku hiyo hiyo. Huachwa lipoe lenyewe kwa siku kadhaa. Asiyestahimili, akalifungua mapema, hupata matofali yaliyopasuka. Hapa ndipo lilipo somo la kwanza la jambo tunalokusudia kulieleza: ya kwamba katika ujenzi muda nao ni kifaa, kama vilivyo udongo, maji na moto, tena ndicho kifaa kilicho rahisi kuibwa kuliko vyote, kwa sababu kikiibwa hakiachi pengo linaloonekana kwa macho.

Wananchi wameipa kazi mbovu jina lake. Huiita kazi ya kulipua, na aifanyaye husemwa amelipua. Neno hilo ni la mitaani, lakini limeteuliwa vizuri: kinacholipuliwa humalizika mara moja, kwa kishindo na moshi, na baada ya hapo mlipuaji huwa amekwisha kwenda zake. Malalamiko juu ya makandarasi wanaolipua majengo ya shule, zahanati, madaraja na mitaro yamekuwa mengi katika nchi yetu, na mara nyingi huelezwa kama kwamba ni tabia mbaya ya watu wachache walioharibika siku hizi. Sisi tunaona kuwa jambo hili lina historia ndefu zaidi, na kwamba pwani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji na Kigoma hadi vijiji vya Buha, ni mahali panapofaa kuichunguza historia hiyo, kwa kuwa hapa kazi za zama mbalimbali zingali zimesimama jirani jirani.

Tuanze na lugha. Fundi, kufunda, kufundisha, kufunza, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Mwalimu wa shule na mwashi wa nyumba ni ndugu katika Kiswahili, na mwali anayefundwa naye ni wa ukoo huo huo. Maana yake ni kwamba wazee waliotuachia lugha hii hawakumfikiria fundi kuwa mtu mwenye zana tu, bali mtu aliyefundwa na mwingine, naye kwa zamu yake akafunda. Kulikuwa pia na desturi ya kilemba. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa neno hilo, licha ya kuwa kitambaa cha kichwani, lilikuwa ni zawadi aliyopewa fundi wakati kazi ilipokwisha, au aliyopewa mwalimu wa ufundi na mwanafunzi aliyehitimu. Tunaomba msomaji aangalie mahali kilemba kinapokaa katika mfuatano wa mambo. Kilikuja mwisho. Kazi ilitazamwa kwanza, ikaguswa, ikaridhiwa. Ndipo fundi alipovikwa heshima yake.

Liko neno jingine ambalo historia yake imepita papa hapa Kigoma, nalo ni hongo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita, aghalabu kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alidaiwa hongo mara kwa mara alipokuwa akipita Uha, hata akaamua kuwakwepa watoza ushuru kwa kusafiri usiku kwa kificho. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia sana desturi hiyo, na huenda viwango vyake vilizidi mara nyingine. Lakini ilikuwa ni ada iliyotolewa hadharani, mbele ya wapagazi na wenyeji, kwa haki ya kupita katika nchi ya watu. Leo neno hilo hilo limekuwa jina la malipo yatolewayo gizani. Basi katika zabuni iliyooza tunakuta maneno mawili ya kale yamegeuzwa juu chini: kilemba kilichokuwa cha mwisho kimetanguliwa na "asilimia kumi" inayotolewa kabla jiwe la msingi halijawekwa, nayo haimwendei fundi bali aliyetoa kazi, na hongo iliyolipwa mchana imehamia usiku. Fedha hiyo lazima irudi kutoka mahali fulani, na ndani ya jengo haiwezi kurudi ila kutoka katika saruji, nondo na siku.

Kabla ya zabuni kujulikana katika nchi hizi, mafundi walikuwako. Waliochimbua mambo ya kale huko Uvinza mwaka 1967 walipata dalili kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu karne ya 5 au ya 6. Kusini zaidi, katika nyanda za juu za Ufipa, wafua chuma walijenga matanuri marefu kumpita mtu, yenye kimo cha meta 3 hivi, yaitwayo malungu. Ajabu ya malungu ni kwamba hayakuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda juu, na mkaa na mawe ya chuma vilipangwa kwa mafungu ili moto ushuke taratibu. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa katika tanuri la pili lililo dogo, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Fundi aliyekusudia kuruka hatua hiyo ya pili angeweza kufanya hivyo kwa urahisi, na jembe lake lingefanana na majembe mengine siku ya soko. Lakini jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Katika nchi nyingi za magharibi mwa Tanzania ya leo majembe ya chuma yalihesabiwa kuwa mali, yakabadilishwa kwa chumvi na mifugo, yakatolewa katika mahari. Jembe bovu lilimrudia mwenyewe kwa njia ya wakwe, na hilo si jambo dogo.

Katika ziwa lenyewe, Burton na Speke waliofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuta mitumbwi mikubwa iliyochongwa kwa magogo ya mvule kutoka misitu ya Ugoma, ng'ambo ya maji, upande ambao leo ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mchonga mtumbwi ana mkaguzi asiyepokea kitu. Ziwa hili lina kina kinachokaribia meta 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na dhoruba zake huja ghafula. Waundaji wa boti za mbao wanaofanya kazi mpaka sasa katika fukwe za Kigoma wanaujua ukweli huo kuliko sisi waandishi: ubao usiokauka hunywea baadaye na kuachana na mwenzake, na pamba ya kalafati isiyoshindiliwa sawasawa huonekana siku chombo kikiwa katikati ya maji, kikiwa na watu.

Hata hivyo tujihadhari na uwongo mmoja mtamu. Tunapotazama kazi za kale tunaona zile zilizodumu tu. Mitumbwi iliyopasuka, nyumba zilizoliwa na mchwa, na majembe yaliyokatika vipande haviko tena mbele yetu ili tuvilaumu. Kwa hiyo hatusemi kwamba babu zetu wote walikuwa mafundi hodari na sisi wajukuu tumelaaniwa. Tunachosema ni kwamba fundi wa zamani alibaki karibu na kazi yake. Aliishi kijijini humo, alikutana na mteja wake kisimani na msibani, na muda ulipoijaribu kazi ulimkuta yungali pale.

Ukandarasi kwa maana yake ya kisasa uliingia Kigoma pamoja na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Kampuni ya ujenzi ya Philipp Holzmann ya Frankfurt ndiyo iliyopewa kazi. Kila aingiaye stesheni ya Kigoma leo, akatazama kuta zake nene na matao yake, husema kwamba Wajerumani walijua kujenga. Ni kweli, lakini tuulize walimjengea nani. Kampuni ya reli iliyoundwa mwaka 1904 ndiyo ambayo ingeendesha treni katika njia hiyo hiyo na kutafuta faida yake humo. Daraja likivunjika, hasara ni yake. Zaidi ya hayo, walikuwa wakijenga makao ya utawala walioutarajia udumu vizazi na vizazi, ingawa haukufika hata mwisho wa mwaka 1916 katika mji huu, kwa kuwa Wabelgiji waliuteka Kigoma mwezi Julai mwaka huo. Maelfu ya vibarua Waafrika waliochimba na kubeba udongo wa tuta hilo hawakujengewa kuta nene. Makambi yao hayaonekani popote. Ubora, basi, ulikuwako, lakini uligawanywa kwa rangi. Na mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake kuitazama stesheni ile hana budi kuwaeleza mambo yote mawili kwa pumzi moja.

Mfano unaotufundisha zaidi ni ule wa meli. Mwaka 1913 karakana ya Meyer ya Papenburg, Ujerumani, iliunda meli iliyoitwa Graf von Goetzen, ikaikongoa, ikaitia katika makasha yapatayo 5,000, ikaipeleka Dar es Salaam kwa bahari. Kutoka hapo ilikuja kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa tena chini ya mafundi watatu Wajerumani waliofuatana nayo, pamoja na vibarua Waafrika na mafundi Wahindi, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mabati ya meli hiyo yameshikwa kwa ribiti, yaani vifungo vya chuma vinavyopigwa vikiwa vyekundu kwa moto. Katika kazi ya namna hiyo kila ribiti hugongwa kwa nyundo ndogo baada ya kupoa, na fundi husikiliza mlio wake. Iliyolegea hulia vingine, nayo hukatwa ikapigwa nyingine. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna abiria atakayejua ikiwa imerukwa.

Ilipofika Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiukimbia mji, iliamuliwa meli izamishwe ili isitwaliwe na adui. Kazi hiyo walipewa mafundi wale wale walioiunganisha. Nao, kabla ya kuizamisha tarehe 26 Julai karibu na mdomo wa mto Malagarasi, waliipaka mitambo yake mafuta mazito ya grisi ili isiliwe na kutu. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mitambo ikakutwa bado yafaa kutumika. Mwaka 1927 ilianza safari upya ikiitwa Liemba, na hata karne hii ya 21 ilipoingia ilikuwa ingali ikichukua abiria kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikiwa imekwisha badilishiwa mitambo ya mvuke kwa ya dizeli katika miaka ya 1970.

Kitendo cha kuipaka grisi meli unayoizamisha kimetufikirisha mara nyingi. Mafundi wale hawakulipwa ziada kwa grisi, na mkuu wao hakuwa na njia ya kuikagua kazi hiyo ikiwa chini ya maji. Hatuna haja ya kuwafanya mashujaa; walikuwa watumishi wa dola iliyoivamia nchi hii, na bila shaka walitumaini kwamba jeshi lao lingerudi. Hilo tumaini la kurudi ndilo jambo lenyewe. Mtu anayetazamia kukutana tena na kazi yake huitendea tofauti na yule anayetazamia kupokea hundi na kuondoka.

Wakati wa utawala wa Waingereza kazi nyingi za serikali zilifanywa na Idara ya Kazi za Umma, ambayo wazee wa Kigoma huitaja hadi leo kwa herufi zake za Kiingereza. Idara hiyo ilikuwa na mafundi wake wa kudumu. Katika miaka ya 1950 shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilikuwa zikitoa waashi, maseremala na mafundi bomba, na majaribio ya ufundi yaliwapanga mafundi katika daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtu wa daraja la kwanza aliheshimika mtaani kama alivyoheshimika karani. Tunakumbusha haya kwa sababu baada ya muda heshima ilimhama mwashi ikaenda kwa karani peke yake, na mzazi akaanza kumtisha mtoto mvivu kwamba asiposoma atakuwa saidia fundi. Taifa linalotumia ufundi kama adhabu lisishangae likikosa mafundi.

Baada ya Uhuru mahitaji yaliongezeka kuliko mafundi waliokuwapo. Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishia wananchi vijijini kwa operesheni, tangu mwaka 1972, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijengwa kwa kujitolea, kwa matofali ya udongo, miti na nyasi, kwa haraka kubwa. Mengi hayakudumu. Je, hiyo ilikuwa kazi ya kulipua? Tunakataa. Wananchi waliokanyaga udongo ule walikuwa wakiwajengea watoto wao, na kila walichokuwa nacho walikitoa. Umaskini wa vifaa si udanganyifu, na ni dhuluma kuyaweka mambo hayo mawili katika kapu moja.

Udanganyifu ulipata malezi yake baadaye kidogo, katika miaka ya dhiki. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1966, lakini baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, mafuta yakiwa ghali na fedha za kigeni zikiwa haba, saruji iligawiwa kwa vibali. Kwa Kigoma, mwisho wa reli, mfuko uliofika ulikuwa umepita mikono mingi. Serikali ilipambana na walanguzi, na mwaka 1983 ikaendesha msako mkubwa dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Katika hali hiyo fundi aliyeweza kuunyoosha mfuko mmoja ukafanya kazi ya miwili alisifiwa kwa werevu; na kwa nyumba ndogo ya ghorofa moja, pengine hakukosea sana. Lakini dhiki ilipopungua, saruji ikajaa madukani baada ya biashara kufunguliwa, ule werevu haukuondoka. Ulikuwa umekwisha kuwa ufundi unaorithishwa, kijana akiuona kwa bwana wake na kudhani ndiyo desturi ya kazi. Wanahistoria wa uchumi wetu huandika mengi juu ya bei za miaka ile. Juu ya mazoea yaliyobaki mikononi mwa mafundi wameandika machache mno.

Sheria hazikukosekana. Baraza la Taifa la Ujenzi liliundwa kwa Sheria Namba 20 ya mwaka 1979. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria za usajili wa wahandisi, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na makandarasi, kila kundi na bodi yake. VETA ilikuwa imeanzishwa mwaka 1994 kusimamia mafunzo ya ufundi stadi. Yote hayo ni mema. Hata hivyo utaratibu wa zabuni ulileta kishawishi chake: ikiwa anayetaja bei ya chini ndiye anayepewa kazi, na bei hiyo haiwezi kununua vifaa vilivyoandikwa katika mkataba, basi kila mtu mezani anajua, siku ya kutia sahihi, kwamba kitu fulani kitapunguzwa. Kinachobaki kuulizwa ni kitu gani.

Tueleze kwa uwazi jinsi kinavyopunguzwa, kwa manufaa ya wanafunzi. Chukua nondo. Mchoro unadai nondo za milimita 16, mkandarasi anaweka za milimita 12. Kwa macho ya mjumbe wa kamati ya shule tofauti ni unene wa sarafu. Lakini nguvu ya nondo hutegemea eneo la mkato wake, na eneo huenda kwa kipeo cha pili cha kipenyo: 12 mara 12 ni 144, 16 mara 16 ni 256. Nondo iliyowekwa ina zaidi kidogo ya nusu ya chuma kilicholipiwa. Darasa la hisabati halihitaji mfano bora kuliko huu. Chukua tena tofali la saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50 unaopaswa kutoa matofali 30 au pungufu unaweza kulazimishwa utoe 50 na zaidi. Nayo yakipigwa lipu yote huwa na sura moja. Zege nalo huongezwa maji ili limwagike kwa urahisi na kibarua amalize mapema; kila ndoo iliyozidi hulidhoofisha, kwa kuwa maji yasiyotumika hukauka na kuacha vitundu.

Hata vifaa vikitimia vyote, kuna wizi uliobaki, nao ni ule tuliouanzia. Zege haligandi kwa kukauka kama udongo wa kibanda; hukomaa kwa kunywa maji polepole. Wahandisi hulipima nguvu baada ya siku 28, na siku ya 7 huwa limefikia sehemu kama theluthi mbili tu. Katika siku hizo za mwanzo hutakiwa kumwagiliwa na kufunikwa, hasa wakati wa kiangazi cha Kigoma, jua linapowaka kuanzia Juni. Kazi ya kumwagilia haina sifa. Haionekani katika picha ya ufunguzi, hailipiwi vizuri, na mkandarasi anayefukuzia malipo ya hatua inayofuata huvua mbao na kupandisha ukuta juu ya linta ambayo haijawa na umri wa juma moja. Tumepata kuingia katika jengo moja la umma, ambalo hatutalitaja, ambamo sakafu ilichimbika kwa miguu ya viti kabla ya mwaka kuisha. Aliyeandika cheti cha kukamilika kwake aliandika kwa hati nzuri sana.

Gharama ya mambo haya hulipwa kwa damu. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Kigoma haina maghorofa mengi kiasi hicho, na huenda msomaji wa Mwandiga akajiona salama. Asijione hivyo. Ziwa letu limelala katika Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea humo humo ziwani, likabomoa nyumba Kalemie na kutikisa mbali sana na hapo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lililo dogo kuliko hilo, la 5.9, liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Lilitokea siku ya Jumamosi. Majengo ya kale yalianguka Bukoba sawa na mapya, na hilo lituponye na imani kwamba kila kilichojengwa zamani ni imara. Ukuta mnene wa mawe usiofungwa kwa chuma huanguka kwa uzito wake wenyewe. Katika nchi itetemekayo ubora si swali la uzuri wala la heshima ya fundi tu. Mkunjo wa nondo katika kona, usioonekana na yeyote baada ya lipu, ndio unaoamua kama darasa litapasuka au litawalalia wanafunzi.

Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema, lakini tumeona kwamba humlaumu mwenye nyumba peke yake. Haiulizi nani aliyeujenga ukuta wa kwanza hata ukaja na ufa.

Katika miaka ya karibuni serikali imezipa halmashauri na vijiji kazi nyingi za madarasa na zahanati kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, ambao kwao kamati ya wananchi hununua vifaa na kuajiri fundi wa mahali hapo badala ya mkandarasi wa mbali. Wapo wanaousifu kwa kupunguza gharama, na wapo wahandisi wanaouogopa kwa sababu usimamizi wa kitaalamu huwa haba. Sisi tunauona kuwa umerudisha jambo moja la kale bila ya kukusudia: fundi ni jirani. Atapita mbele ya darasa lile akienda sokoni Mwandiga, na mwanawe huenda akasoma humo. Ujirani haumfanyi mtu ajue kukunja nondo, hilo hufundwa; lakini aliyefundwa na akabaki karibu anafanana zaidi na yule mfua majembe kuliko na mlipuaji.

Kamati hizo zina madaftari, na baadhi yake tumeyatazama. Yameandikwa kwa uangalifu unaopendeza. Iko safu ya mifuko ya saruji iliyopokelewa na iliyotumika, safu ya nondo kwa unene wake, safu ya lori za mchanga na kokoto, na majina ya waliotia sahihi. Safu ya siku ambazo zege lilimwagiliwa maji, na jina la aliyemwagilia, hatujaiona bado katika daftari lolote.